Kesho usiende Mtumba

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, miaka 36, mkazi wa Nkuhungu hapa Dodoma. Kazi yangu ni ya ofisini, kule Mji wa Serikali, Mtumba. Nilianza kukimbia miaka mitatu iliyopita baada ya kupimwa presha na kuambiwa niangalie uzito. Mwanzoni nilizunguka mtaa nikiwa nimejifunga kanga kiunoni, kabla hakujapambazuka, ili majirani wasinione. Tangu hapo nimemaliza nusu marathoni mbili, na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, nimejiandikisha zile kilomita 42 za Moshi, Kilimanjaro Marathon. Ninakuandikia leo Alhamisi. Zimebaki siku 17.

Nafuata karatasi ya mazoezi niliyopewa na kaka mmoja aliyewahi kufundisha riadha. Nimeifuata bila kuruka, hata siku za matope. Wiki yangu kubwa ilifika kilomita 64. Jumapili iliyopita nilikimbia 32 na nikamaliza nikiwa naweza kuongea. Baada ya hapo karatasi inasema nianze kupunguza, na tangu nianze kupunguza nimekuwa mtu mwingine.

Miguu ni mizito kama nimevaa mabuti ya mvua. Goti la kushoto, ambalo halijawahi kuniuma hata siku moja, lilianza kuuma Jumatatu nikiwa nimekaa kwenye kiti ofisini. Jana maumivu yakahamia nyonga ya kulia. Nimepanda mzani, nimeongezeka kilo nzima. Usiku naota nimefika Moshi bila viatu.

Kikundi chetu cha jogingi Jumamosi hii kinatoka mjini kwenda Mtumba na kurudi, zaidi ya kilomita 30. Kapteni ameandika kwenye kundi la WhatsApp: "Atakayelala Jumamosi, Moshi atabebwa." Wenzangu watatu wamenipigia kuuliza kama naumwa. Jana jioni nilishindwa. Nilimwambia mume wangu nina kikao, nikashukia njiani nikitoka kazini, viatu vilikuwa kwenye mkoba, nikapanda vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, kwa kasi hadi giza likaingia. Kilomita 14. Leo mapaja yanawaka.

La mwisho ndilo linaloniogopesha zaidi. Hamu imekwisha. Nilikuwa naamka saa 10:30 alfajiri bila kengele. Bado naamka saa ileile, ila sasa nabaki kitandani natazama dari. Nyumbani wamefurahi. Mume wangu anasema, "Kwa kuwa leo hukimbii, si utupikie chapati." Mama mkwe, ambaye anaishi nasi, ameanza kutaka maji yake ya kuoga saa 11 alfajiri. Watoto wanataka niwaandae mimi na si dada wa kazi. Sikatai, ni familia yangu. Lakini nina hasira isiyo na sababu. Juzi nilimgombeza mwanangu kwa kumwaga uji, kisha nikaenda kulia jikoni.

Je, niende Mtumba Jumamosi nisije nikapoteza pumzi? Na hamu yangu nitaitoa wapi?

Mama wa Nkuhungu

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma leo Ijumaa asubuhi na nimeirusha mbele ya zilizotangulia, kwa sababu jibu likifika Jumapili halitakuwa na kazi. Kesho usiende Mtumba. Wala usiwasindikize nusu ya njia. Nimeishi na wakimbiaji miaka mingi, najua kusindikiza kwao huishia wapi. Mtumba utakwenda Jumatatu, ndani ya basi, kama mtumishi mwingine yeyote.

Ungekuwa na shamba la zabibu nisingehitaji kukueleza zaidi. Mkulima wa zabibu wa hapa kwetu humwagilia, hupogolea, hupiga dawa na hufukuza ndege, lakini matunda yakianza kuiva hupunguza maji. Akiendelea kumwagilia kama mwanzo, tunda litajaa maji, litapasuka, na sukari itakuwa hafifu. Mtu asiyejua akipita shambani wiki hizo atasema huyu bwana amechoka na shamba lake. Kumbe ndani ya tunda sukari inakusanyika.

Mwilini mwako ni hivyohivyo, na hata kinachokusanyika ni sukari. Misuli huweka akiba ya nishati iitwayo glaikojeni, na wiki za mazoezi makubwa akiba hiyo haijai vizuri, maana kila ukijaza unachota. Mbali na hayo, kila mbio ndefu huacha michubuko midogomidogo kwenye nyuzi za misuli, ambayo inataka siku za kupona. Zoezi zito unalofanya leo, mwili kwa kawaida hukulipa baada ya siku 10 au wiki mbili. Ukienda Mtumba kesho, ukiwa bado na mapaja yanayowaka kwa vilima vya Jumatano, utabeba uchovu wake hadi Moshi, na faida yake itakuwa ndogo mno kuufidia. Pumzi unayoiogopea haipotei kwa wiki mbili za kukimbia kidogo, ilimradi usiache kabisa na usikimbie zote kwa mwendo wa kobe.

Hapo ndipo wengi hukosea upande wa pili: wakiambiwa wapunguze, wanapunguza kila kitu. Wewe punguza urefu, kasi iache ilivyo. Leo pumzika. Kesho ukitaka kutoka, kilomita tano za taratibu hapo Nkuhungu, zaidi ya hapo hapana. Jumapili kimbia 18 kwa mwendo wa kupiga soga. Wiki ijayo, Jumanne kilomita 8, na tano za katikati uzikimbie kwa kasi unayokusudia Moshi. Alhamisi 7, Jumamosi 5, Jumapili 12. Jumla yake ni 32, nusu kamili ya ile wiki yako kubwa. Wiki ya mbio yenyewe, Jumanne 6 na ndani yake mbili za kasi ya Moshi, Alhamisi 4, na Jumamosi dakika 15 za kunyoosha miguu ukiwa umeshafika. Karatasi ya huyo kaka bila shaka inasema kitu kinachofanana na hiki. Kama namba zake zinatofautiana kidogo na zangu, fuata zake. Anakujua, mimi nimekusoma tu.

Nilijifunza haya kwa kuaibika. Nikiwa kijana, siku nane kabla ya mbio, niliona mwenzangu mmoja anakimbia kutoka Chamwino kurudi mjini. Wivu ukanishika, kesho yake nami nikaenda. Siku ya mbio nilijisikia simba hadi kilomita ya 28. Ya 30 moto ukakatika. Nilitembea kilomita 12 zilizobaki nikipitwa na wazee, na mmoja wao alinipa pole kwa sauti ya upole kiasi kwamba mpaka leo ikinijia usiku najifunika shuka kichwani.

Sasa goti. Maumivu yanayotokea mtu akiwa ameketi, kisha yakahama kutoka goti la kushoto kwenda nyonga ya kulia, mara nyingi si jeraha. Wakimbiaji karibu wote huyapata wiki hizi. Ulipokuwa ukikimbia kilomita 64, mwili ulikuwa na kelele nyingi kiasi kwamba hukusikia kila kimlango kinacholia. Sasa nyumba imetulia na unasikia panya darini. Lakini usilifanye hilo kuwa sheria. Maumivu yakibaki mahali pamoja, yakizidi kadiri unavyokimbia, yakikufanya uchechemee, au pakivimba, nenda hospitali ukaonwe na mtu wa fiziotherapia, na uende wiki hii, si siku mbili kabla ya safari. Na tafadhali usinywe diklofenaki wala ibuprofeni asubuhi ya mbio "kwa tahadhari". Dawa hizo, pamoja na jasho na saa nyingi za kukimbia, zinaweza kuumiza figo.

Kuna watu watakaokuja na hadithi ya mkimbiaji wetu John Stephen Akhwari kukutia moyo: Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti limefungwa bandeji, wa mwisho kufika lakini alifika. Ni ya kweli, na mimi bado hunisisimua. Ila Akhwari goti lake liliumia njiani. Wewe usiondoke nalo Nkuhungu.

Ile kilo moja ifurahie. Kila gramu ya glaikojeni hushika takriban gramu tatu za maji, kwa hiyo akiba ikijaa mzani lazima upande, kilo moja au hata mbili. Hiyo ndiyo sukari ya zabibu niliyokuwa nikikusimulia. Anayejinyima chakula wiki ya mbio ili awe mwepesi anamwaga mafuta ya taa kabla ya kuwasha taa. Siku mbili tatu za mwisho ongeza wanga: wali, ugali wa sembe, viazi, ndizi, uji, na zile chapati (nitazirudia). Punguza maharage, mboga za majani na vyakula vya mafuta mengi, ili tumbo lisikusumbue njiani. Najua kumwambia mtu wa Dodoma aache mlenda siku mbili ni kumtania, lakini vumilia. Maji kunywa ukisikia kiu. Usijijaze kama pipa. Maji kupita kiasi yanaweza kushusha chumvi ya damu, na hilo limeshawaangusha wakimbiaji waliojiona wenye tahadhari kuliko wote.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliona goti. Mara ya pili nikaona chapati.

Miaka mitatu, kuanzia saa 10:30 alfajiri hadi jua linachomoza, hukuwepo. Hakuna aliyeweza kukuomba maji, uji wala soksi ya mtoto, kwa sababu ulikuwa barabarani. Huenda ndiyo saa pekee ya siku nzima ambayo haikuwa ya ofisi wala ya familia. Karatasi ilipokupunguzia kilomita, nyumba ikadhani umerudishwa kazini mapema. Saa ile imegawanywa kama nyama ya sikukuu: baba amechukua chapati, bibi maji ya kuoga, watoto maandalizi ya shule, na wewe mwenye ng'ombe umebaki na kamba mkononi. Halafu unaniambia hasira yako haina sababu!

Kwa hiyo sidhani kuwa hamu ya kukimbia imekwisha. Nadhani umenyang'anywa saa yako. Hata ulipokwenda kupanda vilima vya UDOM kwa siri, sioni kuwa ulikwenda kutafuta pumzi. Ulikwenda kujiibia saa moja na nusu, na kwa kuwa kwenu mama hapewi saa bila sababu, ukailipia kwa kilomita 14. Gharama hiyo ni kubwa mno wiki hizi.

Nakuomba uichukue saa yako bila kuikimbia. Siku ambazo karatasi haina mbio, amka saa 10:30 kama zamani, vaa nguo za mazoezi, vaa viatu, toka nje. Tembea dakika 20 ukitazama mtaa unaamka. Ukirudi, keti kibarazani na chai yako. Nyoosha viungo kidogo. Fungua daftari lako la mazoezi, kama unalo, usome wiki zote ulizopitia. Ukikutana na ile siku ya matope uliyokimbia huku unalaani, kumbuka ni wewe uliyekimbia na hakuna anayeweza kuja kuifuta. Mtu anayekuona ukiwa na viatu miguuni hatakuuliza habari za chapati. Ni ujanja wa kitoto, lakini mimi naujua kwa sababu mke wangu alinifanyia mwaka mzima alipokuwa akijifunza cherehani: alikaa mbele ya mashine hata ikiwa haina uzi, nasi tukapita kwa adabu.

Na ongea na mumeo. Usitoe hotuba. Mwambie, "Baba fulani, hizi wiki mbili bado niko mazoezini. Zoezi lenyewe sasa ni kupumzika." Mwambie na ya Jumatano. Mume akisikia kutoka kwako kwamba kile kikao kilikuwa kilima, atacheka. Akisikia kutoka kwa mtu aliyekuona kule jioni, hatacheka, na hapo utakuwa na tatizo ambalo safu hii ya mbio haina ujuzi nalo. Kwa mama mkwe sina ubavu, na wewe usijitafutie vita siku 16 kabla ya Moshi. Chemsha maji usiku, yajaze kwenye chupa mbili kubwa za chai, ziweke karibu na ndoo yake. Saa 11 yatakuwa bado ya moto, na dada wa kazi anaweza kumchanganyia.

Kapteni wenu sitamsema sana. Kikundi kimekutoa kwenye kanga ya gizani hadi kilomita 32, kiheshimu. Lakini muulize kama naye amejiandikisha zile 42 au anakimbia 21, na muulize mbio yake ni lini. Mara nyingi mtu anayemcheka anayepumzika hana anachokipumzikia. Mjibu kwenye kundi kwa neno moja, "Nawatakia safari njema," uzime simu.

Miguu ikishapumzika kuna mtego mmoja, na huu wengi hawaonywi. Utasimama kwenye mstari Moshi ukiwa mwepesi kuliko ulivyowahi kuwa. Kilomita tano za kwanza utahisi hukimbii, unabebwa. Utatamani kwenda. Usiende. Nusu ya pili ya njia ile hupanda kuelekea Mweka, na mlima hauulizi ulijisikiaje asubuhi. Sisi wa Dodoma tuna mfano wa nyumbani. Juma Ikangaa, aliyezaliwa hapa, alikuwa mtu wa kwenda mbele na kuwavuta wengine. Mwaka 1989 alishinda marathoni ya New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1. Boston alimaliza wa pili miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990, na ile ya 1990 alikwenda kwa moto mkali tangu mwanzo, Gelindo Bordin wa Italia akamfikia baadaye na kumpita. Kisha tazama jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, Tokyo, Septemba 2025. Mjerumani Amanal Petros aliongoza hadi hatua za mwisho, Simbu akamkuta kwenye mstari wenyewe. Wote waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na picha ndiyo iliyowatenganisha: sehemu tatu za mia za sekunde. Ndipo Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya riadha kwenye mashindano ya dunia. Wewe huendi kushindana na Petros, lakini kilomita 10 za kwanza zikimbie kana kwamba una kitu cha kufanya kwenye kilomita ya 40.

Mengine ni ya haraka. Viatu usinunue vipya sasa. Kama vilivyopo vimelika soli, nunua leo hii na uvitumie kwenye mbio zote zilizobaki, usivitoe kwenye boksi Moshi. Kucha za miguu kata siku tatu nne kabla. Mafuta ya mgando paka kwapani, mapajani na panapogusana na sidiria. Samahani kusema hivyo mzee mzima, lakini kilomita 42 hazina haya. Safari ya basi kwa Kondoa, Babati na Arusha ni ya kutwa, kwa hiyo ondoka Ijumaa na si Jumamosi, na kila basi likisimama shuka utembee. Usingizi wa kuamkia siku ya mbio huenda usiupate, wala usihangaike nao. Ulio muhimu ni wa usiku wa Ijumaa. Ndoto ya viatu itakuja tena. Ukishaviweka kwenye mkoba wa mkononi badala ya buti la basi, itapungua.

Kesho kapteni na wenzake wakipita na ukasikia nyayo zao, uwe kibarazani na kikombe chako, viatu miguuni. Wapungie mkono. Chapati za Jumamosi apike baba.